Barua kwa Marehemu: Matangazo ya Dawa za Siri Magazetini

Mwaka 1905 jarida la wanawake la Marekani, Ladies' Home Journal, lilichapisha picha ya jiwe la kaburi. Aliyelala pale ni Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, muuzaji wa dawa ya chupa ya maradhi ya kike, aliyefariki mwaka 1883. Zaidi ya miaka ishirini tangu azikwe, matangazo magazetini yalikuwa bado yanawaita wanawake: una maradhi ya kike na unaona haya kumweleza daktari mwanamume? Mwandikie Bi. Pinkham. Nao waliandika, na majibu yalikuja. Kampuni ilijitetea kwamba Bi. Pinkham yupo hai, ni mke wa mwana wa marehemu. Lakini uso uliokuwa kwenye lebo ya chupa ulikuwa wa marehemu mwenyewe, mama mtulivu aliyechana nywele zake vizuri, na sidhani kuna aliyeutazama uso ule akamfikiria mkaza mwana.

Mimi ni mfamasia. Katika kitengo chetu cha elimu kwa umma hapa Nairobi kazi yangu ni kujibu maswali ya watu kuhusu dawa walizonunua, na mara kwa mara huwasimulia kisa hiki. Hucheka. Kisha hutoa simu wanionyeshe ujumbe waliotumiwa na shangazi, wenye picha ya daktari wa koti jeupe asiyejulikana ni wa hospitali gani. Ndiyo maana siwezi kuwaita watu wa zamani wajinga. Waliotunga matangazo yale walijua jambo ambalo halijachakaa: dawa isiyo na sifa yake yenyewe huazima sifa ya mwingine. La kuuliza ni iliazima kwa nani.

Jina kwanza. Dawa hizi ziliitwa za patenti, jina lililotokana na hati za kifalme ambazo watengenezaji wachache wa Uingereza walipewa zamani. Hata hivyo nyingi hazikuwa na hataza (patenti) yoyote. Hataza humlazimu mvumbuzi aeleze amechanganya nini, na hilo hasa ndilo wauzaji hawa hawakulitaka. Walichosajili ni jina na alama ya biashara. Kilichomo kilibaki siri yao, hivyo kuziita dawa za siri ni karibu zaidi na ukweli.

Mkopeshaji wa kwanza alikuwa serikali, bila kutaka. Uingereza ilianza kutoza ushuru wa dawa hizi mwaka 1783, na kila boksi lilibandikwa stempu rasmi. Stempu ilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba kodi imelipwa. Wanunuzi waliisoma vingine: serikali imeikubali dawa. Baadaye stempu zikachapishwa maneno ya kusema kwamba hazina dhamana yoyote ya serikali, ila nani husoma maandishi madogo ya stempu? (Chupa zetu za maji zina stika ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba hiyo ndiyo inayoonyesha maji ni salama.)

Chukua vidonge vya Beecham, vilivyotengenezwa St Helens, Lancashire, na kutangazwa kila pembe ya himaya ya Kiingereza kwa msemo kwamba boksi moja lina thamani ya gini, yaani shilingi 21. Bei yake dukani ilikuwa shilingi 1 na peni moja na nusu. Hiyo peni moja na nusu ndiyo ushuru wa stempu. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitoa kitabu cha uchunguzi wa maabara wa dawa za siri, nacho kikafungua vidonge hivi: shubiri, tangawizi na sabuni. Basi. Gharama ya viungo vya vidonge 56 ilikadiriwa kuwa nusu ya fadhingi, yaani sehemu moja ya nane ya peni. Ukiondoa ushuru, mnunuzi alilipa shilingi 1, yaani peni 12, kwa kitu cha sehemu ya nane ya peni; karibu mara mia. Nitawatendea haki: shubiri kweli hufungua choo. Aliyekuwa amefunga choo alipata nafuu ya kweli siku iliyofuata, akaandika barua ya shukrani kwa moyo safi. Shida ni kwamba tangazo liliviuza vidonge vilevile kwa kizunguzungu, kwa ukosefu wa usingizi na kwa maradhi mengine chungu nzima.

Barua hizo za shukrani ndizo mkopo wa pili, na kwangu ndio wenye nguvu kuliko yote. Tangazo la dawa ya siri mara nyingi halikufanana na tangazo. Lilivaa kanzu ya habari: kichwa kama cha habari nyingine, herufi zilezile za gazeti, kisa cha mwanamke wa kijiji fulani aliyekuwa amekata tamaa, madaktari wamemshindwa, jirani akamshauri. Jina la dawa lilitokea chini kabisa, msomaji akiwa tayari anamwonea huruma mgonjwa. Vidonge vya waridi vya Dr. Williams, vilivyouzwa na kampuni ya Brockville nchini Kanada, vilijulikana sana kwa mtindo huu. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya madini ya chuma, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu angeweza kufaidika. Mwenye kupooza, ambaye naye aliahidiwa kupona, hakuwa na lolote la kupata.

Wengi waliotoa ushuhuda walikuwa watu halisi. Mwandishi Samuel Hopkins Adams, aliyeanza makala zake katika jarida la Collier's mwezi Oktoba 1905, alifuatilia baadhi yao akakuta wengine wamekufa kwa ugonjwa uleule waliosema umewatoka. Aliandika pia kwamba barua za wagonjwa zilikuwa bidhaa. Kulikuwa na madalali waliozikodisha kwa maelfu kutoka kampuni moja hadi nyingine, zimepangwa kwa ugonjwa, ili aliyeandika kuhusu figo leo aandikiwe kesho na muuzaji mwingine wa dawa ya figo. Ukiacha namba yako ya simu chini ya tangazo la dawa ya shinikizo la damu kisha wiki ijayo ukaanza kupokea jumbe za watu usiowajua, sasa unajua biashara hiyo ina umri gani.

Vilivyokuwa ndani ya chupa havikuwa sabuni na shubiri siku zote. Dawa ya Bi. Pinkham ilikuwa na pombe karibu asilimia 18, wakati bia ya kawaida huwa na 4 au 5, na iliuzwa kwa akina mama ambao wengi hawangekanyaga baa. Peruna, dawa ya mafua sugu kutoka Columbus, Ohio, ilikuwa na takriban asilimia 28. Mwaka 1905 idara ya Marekani iliyosimamia wenyeji asilia ilipiga marufuku kuiuza kwao kwa sababu ilitumiwa kulewea. Mbaya kuliko zote ni dawa ya kutuliza watoto ya Mrs. Winslow. Ilikuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Mtoto alinyamaza, na wengine hawakuamka.

Kwa nini magazeti yenyewe hayakupiga kelele? Hapa ndipo mkopo wa tatu, ule wa jina la gazeti lenyewe, ulipokuwa na masharti yake. Watengenezaji wa Marekani walikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa, na mmoja wao, Frank Cheney wa Toledo, alibuni kifungu kilichochapwa kwa wino mwekundu kwenye mikataba: jimbo likipitisha sheria ya kuzibana dawa hizi, mkataba wa tangazo umekufa. Mwenye gazeti akawa mlinzi wa biashara bila kuombwa mara ya pili. Bunge la Massachusetts lilipojadili muswada wa kulazimisha viungo viandikwe kwenye lebo, magazeti ya jimbo hilo karibu yote yalikaa kimya. Gazeti la Springfield Republican liliandika. Sikatai kwamba wahariri wengine waliona haya. Ila haya hailipi karatasi wala mishahara, na ninaposikiliza vipindi vya redio vya usiku ambavyo saa nzima ni muuzaji wa dawa akijihoji mwenyewe, kifungu kile chekundu hunijia kichwani.

Sheria zilikuja kwa kuchechemea. Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya chakula na dawa tarehe 30 Juni 1906. Haikupiga marufuku mofini wala pombe, ilitaka tu vitajwe kwenye lebo. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya muuzaji wa dawa ya saratani, kwamba sheria hiyo ilihusu uongo kuhusu viungo, haikugusa uongo kuhusu uponyaji. Bunge liliziba pengo mwaka 1912, lakini serikali ikatakiwa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Yeye alisema tu kwamba aliiamini dawa yake. Uingereza, kamati ya bunge ilichunguza tangu 1912, na ripoti yake ikatoka tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile nchi ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani. Nani angesoma habari za vidonge siku hiyo? Ilichukua hadi 1941 ndipo sheria ya huko ikalazimisha viungo viandikwe na kukataza matangazo ya tiba za magonjwa kama kifafa, kisukari na kifua kikuu. Mwaka huohuo ushuru wa stempu ukafutwa.

Kenya ilipata Sheria ya Famasia na Sumu, Sura 244, iliyoanza kutumika mwaka 1957, nayo inakataza matangazo ya dawa yanayopotosha. Inakataza hivyo hadi leo, ingawa nguzo za stima zilizobandikwa matangazo ya dawa, kutoka Kayole hadi Kawangware hapa Nairobi, haziisomi.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alikuja na chupa ya unga wa kijani aliyouziwa kwa ajili ya kisukari. Alikuwa ameacha vidonge vya kliniki kwa wiki tatu. Nilipomuuliza alijuaje kuwa inafaa, alinionyesha kwenye simu picha ya cheti alichotumiwa na muuzaji, chenye muhuri, namba na nembo. Nilikikuza. Kilikuwa leseni ya kufanya biashara, ile inayolipiwa na kila mwenye kibanda cha kinyozi. Dawa yenyewe haikuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Nilimweleza taratibu, nikamsimulia na habari ya stempu ya peni moja na nusu, kisha nikampigia nesi wa kliniki yake ili mama huyo apimwe sukari siku hiyohiyo. Alisikiliza yote, akaitazama tena ile picha.

"Sasa daktari," akauliza, "kama serikali haijui kilichomo, ilipokea pesa zake za nini?"