Mbwa Akianza Kukohoa, Mbu Alishamaliza Kazi Zamani

Minyoo ya moyo ni nini?
Ni minyoo myembamba kama uzi ambayo mbwa huambukizwa na mbu. Kitaalamu inaitwa Dirofilaria immitis. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30. Hukaa kwenye mishipa ya damu iendayo mapafuni, na ikizidi huingia moyoni kwenyewe.

Mbu anaileta vipi?
Akinyonya damu ya mbwa mgonjwa, hunyonya na mabuu, yaani minyoo hiyo ikiwa bado michanga. Kukiwa na joto, mabuu hukomaa ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mbwa mwingine atakayeumwa. Kulambana hakuambukizi, wala kinyesi.

Wangu anakula vizuri na anabweka usiku kucha. Si mzima huyo?
Kwa macho huwezi kujua. Tangu kuumwa na mbu hadi minyoo ikomae ni miezi 6 au zaidi, na ikishakomaa inaweza kuishi miaka 5 hadi 7. Muda mrefu tu katika huo, mbwa analamba bakuli hadi linang'aa. Kula vizuri si kipimo. Kipimo ni cha damu, kila mwaka.

Ameanza kukohoa. Nisubiri kidogo, labda ni mafua?
Usisubiri. Hawa ndio ninaoletewa kila mara: mbavu zinahesabika, tumbo limejaa maji, hatua kumi tu anakaa chini kuhema. Nikiuliza kikohozi kilianza lini, mwenyewe anatazama pembeni: "Kitambo kidogo, daktari." Hicho kidogo ukikichimba unakuta miezi minne, na katikati mbwa amenyweshwa dawa ya kikohozi iliyobaki ya mtoto!

Kikohozi kikija na kupotea je?
Usisubiri vilevile. Kuchoka upesi, kukonda, kuzimia baada ya kukimbia: ukiona hata kimoja, mlete siku hiyohiyo.

Nikimchoma mwenyewe ivamektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe?
Tafadhali, hapana. Ile imetengenezwa kwa uzito wa ng'ombe, na kukosea kidogo tu kwenye bomba la sindano kunaweza kumzidishia mbwa mara nyingi. Mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchungia kondoo, huweza kupoteza fahamu na kufa. Tena mbwa mwenye mabuu mengi kwenye damu, mabuu yakifa kwa mkupuo anaweza kuanguka palepale.

Minyoo mikubwa huuliwa kwa sindano maalumu, kwa awamu, chini ya daktari. Ikifa hukatika vipande vinavyoweza kuziba mishipa ya mapafu, kwa hiyo mgonjwa hakimbii wala haruki kwa wiki nyingi. Nimeshampoteza mmoja aliyekuwa anaendelea vizuri, kwa kuwa watoto walimfungulia acheze.

Amechanjwa kichaa cha mbwa. Haitoshi?
Haihusiani. Minyoo ya moyo haina chanjo.

Na sisi binadamu?
Mbu huyohuyo akikuuma, mabuu yanaingia. Kwa kawaida mnyoo haukomai kwa mtu. Hufia mapafuni na kuacha kivimbe ambacho kwenye picha ya eksirei huweza kudhaniwa saratani, na wapo waliopasuliwa kifua kwa ajili hiyo. Ndugu yake, Dirofilaria repens, hukaa chini ya ngozi ya mbwa. Kwa mtu hutokeza uvimbe chini ya ngozi au hata jichoni. Usimfukuze mbwa, maana yeye hakuambukizi kwa kumgusa. Mtibu, mbu wakose pa kuchota.

Kinga ni ipi?
Dawa ya kila mwezi, kuanzia akiwa mtoto wa wiki 8. Mkubwa apimwe damu kwanza. Dawa hiyo huua mabuu machanga yaliyoingia karibuni. Ukiruka miezi, yanakua na kuipita nguvu. Kisha mwaga maji yaliyotuama. Niliwahi kwenda kumtazama mgonjwa kwao, nikainamia bakuli lake la maji: viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijipindapinda humo, na mbwa anakunywa.