Jino la kauri si kikombe cha chai

Wapo wanaoamini kwamba anayepandikizwa jino moja bora atiwe la chuma, kwani la kauri litapasuka kama kikombe. Hofu hiyo ina asili: kauri za zamani zilikuwa dhaifu kweli. Zirkonia ya leo, aina ya kauri, ni ngumu mno, hata kwenye magego hutumika. Kinachobanduka zaidi ni tabaka la urembo lililopakwa juu, liwe juu ya chuma au juu ya zirkonia. Chuma nacho huweza kuonesha mstari wa kijivu ukingoni mwa ufizi. Kama unalo la chuma, chukua kioo utazame. Na skrubu iliyomo ndani ya taya, inayoshikilia jino? Kwa kawaida ni titani, aina ya metali, hata jino la juu likiwa kauri tupu. Mwambie daktari akuandikie kila kipande ni cha nini, na kama unasaga meno usingizini, mweleze kabla hajachagua.