Bango la kuwambwa ni nini?

Kuwamba ni kukaza ngozi, kitambaa au kamba juu ya fremu mpaka ulegevu uishe. Wazee waliwamba ngoma na vitanda vya kamba. Mafundi wa mabango leo wanawamba turubai la plastiki mbele ya maduka. Bango la kuwambwa, basi, ni lile ambalo uso wake ni kitambaa, na kitambaa hicho kinanyooka kwa sababu kimevutwa pande zote nne na fremu isiyokubali kupinda. Ondoa mvuto huo, unabaki na shuka iliyoanikwa.

Mwenye duka akija kuagiza bango huzungumzia picha: rangi, herufi kubwa, namba ya simu ionekane mpaka ng'ambo ya barabara. Ni haki yake, ndicho anacholipia. Lakini picha haibebi bango. Kinacholibeba ni mvuto, na mvuto hauonekani, ndiyo maana fedha ya fremu hukatwa mapema kuliko fedha ya uchapaji.

Pita Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, wanakouza ngoma kando ya lami. Ngoma ya kawaida ya Kiganda ina ngozi juu na ngozi chini, na vipande vyembamba vya ngozi vinapita ubavuni kuzivutanisha. Ile ndefu, engalabi, ngozi yake hupigiliwa vigingi vidogo vya mti kuzunguka mdomo. Mabango nayo yana njia hizo mbili. Lipo la kufungwa kwa kamba kupitia vipete vya chuma kwenye pindo, na lipo linalokunjwa ukingoni mwa fremu na kubanwa kwa skrubu. La kamba huvutwa kwenye vipete tu. Kati ya kipete na kipete ukingo hulegea na kufanya mawimbi. Kwa harusi au mkutano wa wiki moja linatosha. Kwa duka, mimi silikubali. Kuna pia fremu za alumini zenye vibanio vya kukazia vilivyofichwa ndani, na vitambaa vyenye ukanda wa silikoni ulioshonwa ukingoni, unaosukumwa kwenye mfereji wa fremu. Ni kazi safi, ila ile ya silikoni hufaa zaidi ndani ya duka kuliko nje.

Kitambaa chenyewe ni nyuzi za poliesta, mtande (za urefu) na mshindio (za upana) kama kitambaa kingine cha kufumwa, zilizofunikwa kwa plastiki ya PVC mbele na nyuma. Pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini Kampala, utasikia kikiitwa fleksi. Hutajwa kwa uzito wake, na gramu 440 au 510 kwa mita ya mraba ni za kawaida. Nyuzi hubeba mvuto. Plastiki huzuia maji na kupokea wino. Kwa hiyo usiulize gramu peke yake. Turubai zito linaweza kuwa na plastiki nyingi juu ya nyuzi chache, na litachanika mapema kuliko jepesi lenye nyuzi nyingi. Chana kipande cha sampuli kwa mkono, kwa urefu na kwa upana, kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye nguvu. Chukua bango la mita 6 kwa 2, ukubwa wa kawaida juu ya mlango wa duka. Turubai lake la gramu 510 lina uzito wa kilo 6 hivi. Fremu ya mabomba ya mraba ya milimita 40, yenye nguzo za ndani, inakaribia kilo 50. Mtu akisikia hivyo anadhani ukuta unabebeshwa kilo 56. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukilipiga bango hilo usoni, hata ukizingatia kwamba Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kidogo, unalisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 260. Na kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Anayeijua Kampala anaujua ule upepo unaotangulia mvua ya radi, vumbi likipanda na mabati yakigongana kabla tone la kwanza halijaanguka. Huo ndio unaolijaribu bango.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa imelegea kidogo, inabeba jinzi tatu zilizolowa bila shida. Jaribu kuivuta mpaka inyooke kabisa na jinzi zikiwa juu yake: milingoti itainama kabla kamba haijanyooka. Turubai ni vilevile. Upepo huo niliotaja ukilisukuma la kimo cha mita 2 likaruhusiwa kutuna sentimita 10, kila mita ya bomba la juu la fremu huvutwa chini kwa nguvu kama ya kilo 110. Ukilibana lisitune zaidi ya sentimita 5, mvuto unakuwa maradufu. Zidisha kwa mita 6 uone bomba la juu linabeba nini. Hapo utaelewa kwa nini mabango mengi mjini yamebonyea katikati, juu na chini, kama kiuno cha nyigu: turubai lilikuwa zima, fremu ndiyo iliyoshindwa. Nguzo za wima kila baada ya mita moja ndizo dawa, na ndizo hizo hizo zinazokatwa bei inapobishaniwa.

Nililijua hili kwa aibu. Bango la duka la dawa huko Mukono, mita 5, nililijengea fremu ya pembe nne tupu kwa sababu mwenye duka alikuwa na haraka nami nilitaka kumridhisha. Siku ya kwanza lilipendeza. Baada ya mvua mbili bomba la juu lilikuwa limeinama na makunyanzi yametoka kwenye pembe kama miali. Nikapanda ngazi, nikavuta zaidi. Likazidi kuharibika, maana nilikuwa naikaza fremu ijikunje, si turubai linyooke. Mama mwenye duka akaniuliza, "Mwanangu, mbona unavuta na halinyooki?" Sikuwa na jibu siku ile. Nililishusha, nikachomelea nguzo nne, nikaliwamba upya kwa gharama yangu.

Tangu hapo nimejifunza kusoma makunyanzi. Kunyanzi hukimbia kufuata upande uliovutwa kupita kiasi. Yakilala kutoka kushoto kwenda kulia, upana umekazwa kuliko kimo. Yakitoka pembeni kwa mshazari, pembe zimevutwa kabla ya wakati wake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo methali inavyosema, na fundi mpya hulivuta turubai vivyo hivyo: anaanzia pembe moja, anatembeza skrubu mpaka upande ukamilike, kisha anahamia unaofuata. Upande wa mwisho hauwezi kukubali. Mpangilio unaofaa ni kuanzia katikati ya juu, kisha katikati ya chini, katikati ya kushoto, katikati ya kulia, halafu unasogea kidogo kidogo kuelekea pembe, kila hatua ya upande mmoja ikijibiwa na upande wa pili. Pembe ni za mwisho. Vuta kwa koleo la mdomo mpana lisilotoboa, na uwe umeagiza kitambaa cha ziada cha sentimita 10 kila upande ili upate pa kushika. Chini ya skrubu weka ubapa mwembamba wa alumini. Bila ubapa kila skrubu ni tundu linalosubiri kurefuka. Ukiwepo, mvuto unagawanywa ukingo mzima.

Hapa ndipo turubai linapoachana na ngoma. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, na ikikauka inajikaza yenyewe. PVC hulainika kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Ukiikaza kwa nguvu zako zote saa saba mchana, usiku itavuta skrubu. Ukiikaza alfajiri kiasi tu, mchana italegea. Mimi hupenda asubuhi jua likishapasha turubai, nalikaza mpaka linyooke, wala simalizi uwezo wake.

Kuhusu ukuta nitasema machache, ila ni ya kushika. Lipu si ukuta. Bolti lazima ipite lipu na kushika kitu, na kitu kizuri kuliko vyote ni bimu ya zege juu ya mlango. Matofali ya kuchoma ni laini. Bolti ya kutanuka ikiwekwa karibu na ukingo wa tofali hulipasua. Inapowezekana toboa mpaka ndani, weka bamba la chuma upande wa pili. Upepo hausukumi tu, ukipita pembeni mwa jengo hufyonza, na kufyonza ndiko kunakong'oa.

Wateja huomba turubai litobolewe vitundu vya mwezi mchanga ili upepo upite. Pima eneo la vitundu hivyo vyote, ulinganishe na mita 12 za mraba: ni kidogo mno kupunguza msukumo, na umekata nyuzi zilezile zinazobeba kazi. Penye upepo mkali kuna turubai la wavu lililotengenezwa hivyo tangu kiwandani.

Jua letu la ikweta lina tabia yake. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa miezi ya katikati ya mwaka, wa kusini hupigwa mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, wa mashariki na magharibi haupumziki. Wino wa njano na wa waridi hufifia kwanza, ndiyo maana picha za zamani hubaki za samawati. Nyekundu huchapwa kwa wino hizo mbili, kwa hiyo jina la duka likiwa jekundu na linatazama magharibi, umshauri mwenye duka afikirie rangi nyingine.

Kabla ya ngazi kusimama, kibali. Kampala kinatoka KCCA, yaani mamlaka ya jiji. Kwingineko uliza manispaa au halmashauri ya mji. Na tazama juu: bomba la chuma la mita 6 mikononi mwa watu wawili chini ya nyaya za umeme ni mauti. Nyaya zikiwa karibu, kazi isimame mpaka umeme ukatwe na wenye mamlaka.

Wiki chache baada ya kufunga, poliesta huwa imejinyoosha kidogo. Panga safari ya pili tangu siku ya makubaliano. Sukuma katikati ya bango kwa kiganja. Likirudi mara moja, liache. Likichelewa, fungua upande wa chini peke yake, anzia katikati, vuta tena.