Akidi, siku 61 na sefu ya gavana: Bunge la Indiana la 1863

Ukitaka kuelewa jinsi jimbo la Marekani lilivyoweza kukaa karibu miaka miwili katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani bila bajeti iliyopitishwa na Bunge, usianze na tabia ya Gavana Oliver Morton. Waandishi wengi huanzia hapo, na wengi wao huishia kubishana kama alikuwa shujaa au dikteta. Mimi naanzia kwenye Katiba ya Indiana ya 1851, kwa sababu karibu kila kilichotokea mwaka 1863 kilikuwa kimeshatengenezewa njia humo.

Katiba hiyo ilisema Bunge la jimbo likutane mara moja kila baada ya miaka miwili, Alhamisi inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Januari. Mkutano wa kawaida usizidi siku 61, na wa dharura usizidi 40. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 100, Seneti viti 50. Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kifanye kazi, ilikuwa theluthi mbili: watu 67 kwa Wawakilishi na 34 kwa Maseneta. Lakini kupitisha muswada kulihitaji wingi wa kawaida tu wa wanachama wote waliochaguliwa: kura 51 na kura 26. Geuza hesabu upande wa pili uone: wajumbe 34 wasipofika, Baraza la watu 100 halifanyi kazi yoyote. Waliobaki wanaruhusiwa kukutana, kuahirisha kikao hadi kesho, na kumtuma mpambe wa Baraza akawatafute watoro. Basi.

Kuna kifungu kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ndicho ufunguo. Kura ya turufu ya gavana wa Indiana ilikuwa butu. Gavana akirudisha muswada, mabaraza yaliweza kuupitisha tena kwa wingi ule ule wa 51 na 26. Katika mfumo wa shirikisho rais akikataa, Congress inahitaji theluthi mbili. Kwa hiyo chama chenye wingi mdogo tu Indianapolis kiliweza kumpuuza gavana kabisa, na kizuizi pekee kilichobaki mikononi mwa wachache kilikuwa akidi. Hiyo ndiyo sababu kususa vikao kumekuwa kama desturi ya jimbo hilo. Mwaka 2011 Wademokrati wa Baraza lile lile la watu 100 walihamia Urbana, Illinois, kwa zaidi ya mwezi mmoja wakitumia hesabu hiyo hiyo.

Sasa uchaguzi. Tarehe 14 Oktoba 1862 Wademokrati walishinda mabaraza yote mawili. Vita vilikuwa vinaenda vibaya, watu walikuwa wamekamatwa bila kufikishwa mahakamani, na tangazo la awali la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa lilikuwa limetoka mwezi uliotangulia. Ongeza jambo la kiufundi: Katiba ilimtaka mpiga kura apige kura katika eneo analoishi, hivyo maelfu ya askari wa Indiana waliokuwa kambini kusini hawakupiga. Wademokrati walichukua pia nafasi za Katibu wa Jimbo, Mkaguzi wa Hesabu, Mweka Hazina na Mwanasheria Mkuu. Hata majaji wa Mahakama Kuu kabisa ya jimbo walikuwa wa chama hicho. Morton, Mrepublikani, alibaki peke yake katika utendaji. Naye hakuwa amechaguliwa kuwa gavana: mwaka 1860 alichaguliwa kuwa makamu, na Henry Lane alipokwenda Seneti ya Washington siku mbili tu baada ya kuapishwa Januari 1861, Morton akapanda.

Bunge lilifunguliwa tarehe 8 Januari 1863. Siku chache kabla, Morton alikuwa amempelekea Waziri wa Vita, Edwin Stanton, simu ya maandishi akidai kwamba kuna mpango wa Bunge kulitambua Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyoasi na kujitenga. Halikufanya hivyo. Naitaja simu hiyo kwa sababu inaonyesha hofu iliyokuwepo, ila isichukuliwe kama ushahidi wa nia ya wabunge wale. Maseneta Warepublikani walisusa siku za mwanzo kuhusu uchaguzi wa maseneta wa kwenda Washington, kisha wakarudi, na Bunge likawachagua David Turpie kumalizia muhula wa Jesse Bright, aliyefukuzwa Seneti mwaka 1862, na Thomas Hendricks kwa muhula kamili.

Mgogoro wenyewe ulikuwa muswada wa jeshi. Uliletwa na Bayless Hanna, na maudhui yake ni rahisi kueleza: madaraka ya gavana juu ya wanamgambo wa jimbo, silaha na uteuzi wa maofisa yapelekwe kwa bodi ya wale viongozi wanne wa jimbo, wote Wademokrati. Ukumbuke kwamba wakati huo gavana ndiye aliyetoa hati za uofisa kwa vikosi vya kujitolea, hadi cheo cha kanali. Kumnyang'anya hilo katikati ya vita ni kumwacha na kiti na mhuri. Wademokrati walikuwa na hoja: Morton aligawa vyeo kisiasa na alifumbia macho kukamatwa kwa wapinzani. Lakini dawa waliyochagua ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa, na Katiba ilimtaja gavana waziwazi kuwa amiri jeshi wa jimbo. Sioni muswada ule ungesimamaje mbele ya mahakama isiyo na upande.

Angalia ratiba ya muswada uone kwa nini Warepublikani waliondoka walipoondoka. Kila muswada ulisomwa kwa siku tatu tofauti katika kila baraza. Baada ya kusomwa mara ya pili huagizwa unakiliwe rasmi, na baada ya hapo hubaki usomaji wa tatu na kura. Ukishapita usomaji wa tatu, turufu haisaidii. Katika siku za mwisho za Februari, muswada ulipofika hatua hiyo, wawakilishi Warepublikani walitoka wakapanda treni kwenda Madison.

Madison haikuchaguliwa ovyo. Iko ukingoni mwa Mto Ohio, wakati huo ilikuwa na reli ya moja kwa moja kutoka Indianapolis, na ng'ambo ya pili ni Kentucky. Mamlaka ya mpambe yanaishia mpakani, na mpaka wenyewe hauko katikati ya mto: Kentucky inamiliki maji hadi alama ya kina cha chini upande wa kaskazini. Mbunge akishaingia kwenye boti na kuacha gati, kwa sheria karibu ameshatoka Indiana.

Hesabu ya siku ilikuwa upande wao. Kuanzia 8 Januari, mwezi huo unatoa siku 24, Februari 28, jumla 52. Siku ya 61 inaangukia 9 Machi. Wasusaji hawakuhitaji kushinda hoja yoyote. Walihitaji kukaa hotelini kwa siku kumi na kitu. Tarehe 9 Machi Bunge likafa lenyewe.

Tatizo ni kwamba lilikufa pamoja na miswada ya matumizi, ambayo ilikuwa bado haijapita. Hapa ndipo lawama yangu inapogawanyika. Wademokrati walitanguliza muswada wa jeshi mbele ya bajeti wakijua akidi inaweza kuvunjwa wakati wowote. Lilikuwa kosa la kimbinu, na baadhi yao huenda walidhani bajeti ingewalazimisha wenzao kurudi. Warepublikani nao waliondoka wakijua hospitali ya wagonjwa wa akili, shule za viziwi na vipofu, na magereza havina fungu la fedha.

Morton angeweza kuitisha mkutano wa dharura. Hakuitisha, na hesabu yake inaeleweka: wangerudi watu wale wale, siku 40, na muswada ule ule. Akaamua kuendesha jimbo kwa fedha za kutafuta. Katiba ilikataza kutoa fedha hazina bila idhini ya sheria, na Mkaguzi, Joseph Ristine, alikataa kuandika hati za malipo. Mahakama ikakubaliana naye kwamba hata riba ya deni la jimbo haiwezi kulipwa bila Bunge kutenga fedha. Kisheria walikuwa sahihi. Morton basi aliepuka hazina kabisa. Alianzisha ofisi yake ya fedha chini ya William Terrell, hesabu zikawekwa huko, fedha taslimu zikawekwa kwenye sefu ofisini kwake.

Fedha zilitoka wapi? Kaunti na watu binafsi walikopesha. Karakana ya risasi ya jimbo, iliyoanzishwa mwanzoni mwa vita na kuiuzia serikali ya shirikisho, ilikuwa na faida. Stanton alitoa dola 250,000 kutoka fungu la kuwapa silaha raia watiifu katika majimbo yaliyoasi au kutishiwa na uasi. Kuiingiza Indiana humo ni kuivuta sheria hadi karibu ikatike. Riba ya deni la jimbo iliyodaiwa New York ililipwa na benki ya James Lanier, mtu aliyewahi kuishi Madison, zaidi ya dola 600,000 kwa jumla, bila dhamana nyingine ila ahadi kwamba Bunge lijalo litamlipa. Kwa nini ahatarishe? Jimbo hilo lilikuwa limeshawahi kushindwa kulipa riba miaka ya 1840, na Lanier mwenyewe alishiriki kulikwamua. Alijua hati za deni la jimbo zikianguka mara ya pili itachukua muda gani kuziinua.

Julai 1863 wapanda farasi wa John Hunt Morgan, jenerali wa Shirikisho la Kusini, walivuka Mto Ohio na kuingia Corydon, mji wa Indiana. Wanamgambo waliitwa na gavana, wala si bodi ya watu wanne, na baada ya hapo muswada wa Hanna haukuwa na watetezi wengi.

Illinois mwaka huo huo ilikwenda njia nyingine. Mabaraza yalipotofautiana kuhusu tarehe ya kuahirisha, Gavana Richard Yates alitumia kifungu cha Katiba yao kulifunga Bunge tarehe 10 Juni. Katiba ya Indiana haikumpa Morton mlango huo.

Tarehe 11 Oktoba 1864 Morton alichaguliwa kwa kura. Wapinzani walidai Katiba inakataza gavana kupita miaka minne ndani ya minane. Jibu lilikuwa kwamba mara ya kwanza alirithi, hakuchaguliwa. Warepublikani walipata Bunge, na mkutano wa 1865 ulipokea hesabu za Terrell na kukubali madeni, la Lanier likiwamo. Akidi haikuguswa. Mwaka 1869 Wademokrati nao walijiuzulu kwa pamoja kuzuia Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yanayokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, na Warepublikani, wasusaji wa jana, wakaamua kwamba theluthi mbili inahesabiwa kwa viti vyenye watu tu, wakayaridhia mwezi Mei.