Nimepungua, sasa niishie wapi?

Anayeanza kupunguza uzito huulizia pa kuanzia. Pa kuishia hapaulizii mpaka akwame, au mpaka ndugu waanze kunong'ona kwamba huenda anaumwa. Maswali haya ni ya waliokwisha kufika huko.

Nina urefu wa mita 1.65. Nilikuwa na kilo 84, sasa nina 70, na lengo langu lilikuwa 60. Niendelee?

Hiyo 60 uliitoa wapi? Mara nyingi namba ya namna hiyo haikutoka kwa daktari. Ni uzito aliokuwa nao mtu siku ya harusi yake, au ni namba tu inayopendeza kutamkwa.

Tupige hesabu. Chukua urefu wako uuzidishe kwa wenyewe: 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Kilo zako ugawe kwa hiyo. Ulipokuwa na kilo 84 ulipata karibu 31, na kuanzia 30 Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni unene wa kupindukia. Leo una 25.7. Uzito unaohesabiwa kuwa wa afya ni kati ya 18.5 na 24.9, kwa hiyo ukifika kilo 68 umeingia. Kilo 60 zitakupa 22, nazo si mbaya, lakini hakuna kinachokulazimisha kufika huko.

Tena faida kubwa huenda umeshaipata. Shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu huanza kutengemaa mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Wewe umepunguza zaidi ya 16. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa wanaelekea kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa mpango huo.

Kwa hiyo mizani inatosha kuamua?

Haitoshi. Mizani haijui misuli wala mafuta, inajua kilo tu. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, na futi isikubane. Mwanamke akivuka sentimita 80, au mwanamume 94, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari imeanza kupanda. Kwenye 88 na 102 imepanda sana. Kama namba hizo zinakuchanganya, shika moja tu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Kwako wewe wa mita 1.65, ni chini ya sentimita 82 na nusu. Kiuno kikishakaa hapo na vipimo vya damu vikiwa vizuri, kilo mbili tatu zilizobaki nazihesabu kuwa za urembo. Urembo si dhambi, ila usiuite tiba.

Nitajuaje kwamba nimepitiliza?

Mwili husema. Hedhi inakosekana au inaruka miezi. Nywele zinabaki kwenye kitana kwa wingi, kwa kawaida miezi miwili hadi minne baada ya kupungua kwa kasi. Unasikia baridi wenzako wakiwa na joto, usingizi unakatika, unapanda ngazi ukiwa umechoka kabla hujaanza.

Dalili ambayo watu huipuuza ni ya kichwani: siku nzima unawaza chakula. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Walianza kuota chakula usiku, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakaacha kujali mambo mengine yote. Hawakuwa walafi, walikuwa na njaa. Ukijikuta unahesabu dakika za kufikia mlo unaofuata, au unakataa kila mwaliko kwa kuogopa sahani, simama hata kama bado hujafika kwenye namba yako. Na ukiwa chini ya 18.5 kwa hesabu ile ya juu, hapo hakuna mjadala: acha kupunguza, umwone daktari.

Mizani imekwama wiki sita. Ndiyo mwisho wangu?

Huenda. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo, na juu ya hapo unajibana. Watafiti wanakadiria kwamba kila kilo inayotoka hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kalori 100 hivi. Ukitoa kilo 14, piga hesabu mwenyewe unavutwa kwa nguvu kiasi gani. Kukwama maana yake unachokula na unachotumia vimekutana. Yaani umeshaanza kudumisha uzito bila kukusudia.

Jiulize: naweza kula hivi miaka mitano? Kama ndiyo, uzito huo ni wako. Kama unashikilia kwa meno, usikaze zaidi. Pumzika kwenye uzito huo miezi mitatu au zaidi, kisha uamue upya ukiwa na akili iliyotulia.

Nikiacha, narudi kula kama zamani?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Sahani ya zamani ilikuwa ya kulisha mtu wa kilo 84, na ukiirudia atarudi yeye.

Ongeza kidogo kidogo: kalori 100 hadi 200 kwa siku, ukae wiki mbili, uangalie, ndipo uongeze tena mpaka mizani iache kushuka. Ili uone udogo wake, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Nyongeza ya kila siku kwa wiki hizo mbili ni kama kijiko hicho tu! Siku za mwanzo uzito unaweza kuruka kilo moja au mbili. Usishtuke. Misuli na ini vinajaza akiba yao ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji.

Usiache mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, wala protini, kwa sababu sehemu ya kilo ulizopoteza ilikuwa misuli.

Nitunze namba ipi hasa?

Tunza eneo, usitunze namba. Kama umeishia 68, sema kati ya 67 na 70. Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, na uangalie wastani wa wiki, usiangalie siku moja. Wastani ukivuka 70 wiki mbili mfululizo, rudi kwenye ratiba ya kupunguza mara moja, kilo mbili zinashushika. Marekani ina daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi, lililofunguliwa 1994. Wengi wao hujipima mara kwa mara na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku.

Nilipungua kwa sindano ya semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula. Nikifika lengo niache?

Usiache kwa uamuzi wako. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Panga na daktari wako.

Watu wanasema nimekonda sana usoni.

Uso nao una mafuta, nao hupungua. Macho yao yamezoea sura ya zamani, wape miezi. Kama kiuno, vipimo na nguvu zako viko sawa, tabasamu upite. Ila kama umeshaongeza chakula na mizani bado inashuka, hilo si suala la sura tena. Kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa tezi ya shingo na saratani huweza kuanza hivyo hivyo. Nenda kapimwe wiki hii.