Mwenye kisukari akikatwa mguu, kidonda kinapona

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu kila mara, kwamba mwenye kisukari akikubali kukatwa mguu basi kidonda hakitapona, watamkata tena na tena mpaka afe, bora apake dawa ya unga nyumbani. Siyo kweli, na inaumiza watu.

Kidonda cha upasuaji kinapona kama damu inafika, sukari imedhibitiwa na hakuna maambukizi, ndo maana daktari anapima mzunguko wa damu kwanza halafu anakata pale nyama ilipo hai, wakati mwingine juu kuliko ndugu walivyotegemea. Nyuzi hutolewa kama wiki 2 hadi 3, wengine zaidi, na kupona vizuri huchukua kama wiki 4 mpaka 8 au hata miezi.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu kweli wapo wanaorudiwa kukatwa, wengi walichelewa au mishipa ilishaziba. Pia mgonjwa anaweza kusikia vidole visivyokuwepo vinauma, familia ikadhani ugonjwa unapanda, kumbe ni neva tu (mishipa ya fahamu).

Angalia mwenyewe siku ya kubadilisha bandeji: kingo zimeshikana, pakavu, hapanuki, hiyo inapona. Ukiona usaha, weusi, harufu au homa, hospitali siku hiyohiyo. Hiyo meseji tafadhali usiifowadi tena, na aliyeituma mwambie taratibu, maana huenda ana mgonjwa ndani anayeogopa kwenda kutibiwa.