Kwa nini mijakaranda ya Lubumbashi huchanua wakati wa ukame?

Septemba, vumbi jekundu limejaa Lubumbashi na mvua za maana ziliisha tangu Aprili. Huo ndio wakati mijakaranda ya mjini inapofunikwa na zambarau, karibu haina jani hata moja.

Wengi husema mti umeshikwa na kiu, basi unazaa haraka kabla haujafa. Wengine husema umenusa mvua. Maelezo haya yana madhara: kuna wanaounyima maji mche wa kwenye lupango (uwanja wa nyumba) ili "uogope", na mche ambao bado hauna mizizi mirefu hukauka tu. Wengine huumwagia samadi ndoo kwa ndoo, nao hulipwa majani, kwa kuwa nitrojeni nyingi husukuma matawi kuliko maua. Na hiyo hoja ya kiu haisimami: ua ni maji kwa sehemu kubwa, na mti unaokufa kwa kiu ungeyatoa wapi ya kufungulia maelfu ya maua?

Siri iko kwenye majani yaliyoanguka. Fikiria tanki la nyumbani ambalo maji huliingia kwa uzi mwembamba. Mchana kila bomba liko wazi, halijai kamwe. Usiku yakifungwa yote, uzi uleule hulijaza hadi juu. Majani ndiyo mabomba hayo. Yakidondoka, maji machache ambayo mizizi mirefu bado inayapata chini hubaki kwenye shina, msukumo hupanda hadi ncha za matawi, na vichomozo vya maua huvimba na kufunguka.

Vipimo vilivyoonyesha hivyo vilifanywa Costa Rica, kwa mti wa maua ya njano wa familia moja na jakaranda. Kwa jakaranda wetu, joto la Septemba huenda nalo linachangia. Lakini ukitoka nje ya mji mwezi huohuo utakuta miombo, miti ya asili ya msitu wetu, inatoa majani mekundu kabla ya tone la mvua. Jakaranda, mgeni wa Bolivia na Argentina, amekutana na wenzake.

Anayetaka maua aupande mti kwenye jua la kutwa, na asikate ncha za matawi wakati wa kiangazi, maana maua hutokea hapohapo. Mche wa mbegu waweza kukaa miaka 7 au zaidi bila kuchanua, uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine huwahi.